Chupa Mbili za Mchanga

Likizo yangu ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo mwanafunzi mwenye akili timamu huwa bado amelala. Mama alikuwa na sheria moja tu: mtoto anayerudi kutoka shule ya bweni na barua ya mwalimu wa nidhamu haachwi nyumbani peke yake. Barua hiyo ilihusu ndoo ya maji, mlango na kiranja mkuu. Sitaeleza zaidi, maana kiranja mkuu alikwisha kukauka.

Basi kila asubuhi nilikunywa chai nikimfuata mama kazini. Mama ni afisa ununuzi wa kampuni ya ujenzi. Wengine wakisikia hivyo hudhani anazunguka madukani na kikapu. Ukweli ni kwamba kila kitu kinachoingia katika jengo, kuanzia nondo hadi kitasa cha choo, lazima yeye akichague, akikague na kuhakikisha kinafika kwa wakati. Kikichelewa, mafundi hukaa chini wakimtazama. Kikiwa kibovu, humtazama zaidi.

Mwezi huo walikuwa wakijenga kituo cha afya cha ghorofa. Ofisi ya mama ilikuwa kontena la chuma lililokatwa dirisha ubavuni. Ndani mlikuwa na meza mbili, kabati la mafaili, kofia ngumu zilizoning'inizwa ukutani, na mtunza stoo. Huyu alikuwa mzee mnene, mpole, aliyejivunia macho na vidole vyake kuliko kitu chochote duniani.

"Mimi nikiushika mchanga tu," aliniambia siku ya kwanza, "nakwambia umetoka wapi na nani kauchimba."

"Na alikula nini siku hiyo?" nikamuuliza.

"Hilo ni la kesho. Leo nimechoka."

Jumatatu jioni, mama alipaswa kuchagua mchanga wa zege la ngazi. Wauzaji wawili walikuwa wameleta sampuli. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye lori moja kuukuu, ambaye kila mtu alimwita Mama Kokoto. Wa pili alikuwa bwana mwenye malori matatu ya rangi ya bluu, na kwa sababu hiyo aliitwa Bluu. Mama alichukua chupa mbili za kioo zenye midomo mipana, akatia mchanga wa kila mmoja katika chupa yake, akaongeza maji na chumvi kidogo, akazitikisa na kuziweka dirishani.

"Mchanga mzito unatangulia kushuka," alinieleza. "Tope linatua juu yake taratibu. Kesho tutalipima kwa rula. Tope likizidi, saruji haishiki, na zege linakuwa kama mkate mkavu."

Kisha aliandika majina kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika juu ya vifuniko. Juu ya vifuniko, nasema. Kichwani mwangu taa ndogo iliwaka.

Asubuhi ya Jumanne, mama alikwenda kuhesabu nondo. Mtunza stoo alikwenda kununua maandazi. Chupa zilikuwa zimetulia: moja ilikuwa na utando mwembamba wa tope, nyingine ilikuwa na tope nene kama blanketi la bweni. Kwa unyenyekevu mkubwa nilifungua vifuniko vyote viwili na kuvibadilisha.

Naomba nieleweke. Nilitaka tu mtunza stoo arudi, asome majina, asifu macho yake, kisha nimwaibishe mbele ya maandazi yake mwenyewe. Mambo yote yangemalizika ndani ya dakika tano. Lakini fundi bomba alimkamata njiani akitaka afunguliwe stoo, na aliyerudi kwanza ni mama.

Alishika rula, akapima, akaandika. Alisoma jina la Mama Kokoto kwenye kifuniko cha chupa yenye tope nene, akaguna. "Hili sikulitarajia kwake," akasema. Kisha akapiga simu mbili. Moja ilikuwa ya kumwambia Mama Kokoto kwamba mchanga wake haukufaa. Ya pili ilikuwa ya kumwagiza Bluu alete malori mawili kesho saa mbili.

Nilifungua mdomo. Mama akanigeukia akitabasamu.

"Jana nimemwambia mhandisi kwamba siku hizi umetulia. Hata mtunza stoo anakusifu."

Nikafunga mdomo. Nilijiambia nitasema mchana. Mchana nikajiambia jioni. Jioni mama alipika akiimba, na mimi niliosha vyombo vyote bila kuagizwa, kitu kilichomtia hofu kidogo.

Jumatano saa mbili, malori ya bluu yalimwaga mchanga karibu na mashine ya zege. Mtunza stoo aliuchota, akausugua viganjani, akanionyesha. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya udongo.

"Ona. Huu unapaka kama rangi."

"Kwa hiyo utaukataa, babu?"

Alitikisa kichwa. "Chupa ya mama yako imesema ni safi. Vidole vyangu ni nani vibishane na chupa? Labda nimezeeka." Akatia saini hati ya kupokea mzigo, akaondoka taratibu, akivitazama vidole vyake kana kwamba vimemtukana.

Nilipangusa viganja vyangu kwenye nguo, ingawa sikuwa nimeshika mchanga.

Muda huohuo lori kuukuu lilisimama getini. Mama Kokoto alishuka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo? Sikuja kugombana. Nataka tu anionyeshe kosa langu. Nimeleta mchanga uleule, labda atanieleza. Jana nimemgombeza binti yangu mpaka akalia, nikidhani hakuuosha vizuri. Anaapa aliuosha siku mbili nzima."

Ndani ya lori niliona msichana wa rika langu ametazama upande wa pili.

Nyuma yangu mashine ya zege ilianza kunguruma. Mafundi walikuwa wameshaanza kutia mchanga, na ngazi zilikuwa zimefungwa mbao tayari, zikisubiri. Nilijua watakaozipanda: wagonjwa, na kina mama waliobeba watoto. Nilikimbia hadi kwenye kontena. Mama alikuwa katika kikao na mhandisi, mtu yuleyule aliyeambiwa kwamba nimetulia.

"Samahani, mama. Samahani, mhandisi. Zege lisimwagwe."

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Nilibadilisha vifuniko. Chupa yenye tope ilikuwa ya Bluu."

Mama hakuniuliza kwa nini. Alitoka mbio, nami nyuma yake, na nilimsikia akimwambia fundi mkuu azime mashine. Toroli la kwanza lilikuwa limefika chini ya ngazi. Likageuzwa.

Mhandisi alitufuata. "Nani aliidhinisha mchanga huu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," mama akajibu. "Saini kwenye kipimo ni yangu. Chupa nilizisimamia mimi. Utapata maelezo yangu kwa maandishi leo."

Hakunitaja. Laiti angenipiga kofi; lingeuma, lakini kwa muda mfupi.

Mama alichukua sampuli mpya, moja kutoka kwenye rundo la Bluu, nyingine kutoka kwenye lori la Mama Kokoto. Ilibidi tusubiri kwa muda wa saa tatu. Niliagizwa kwenda kuwaeleza mafundi kumi na wanne sababu ya kusubiri.

"Kumbe tunapumzika kwa hisani yako," mmoja akasema akijinyoosha kivulini. "Kesho badilisha na majembe, tulale kabisa."

Wenzake walicheka. Fundi mkuu hakucheka. "Mama yangu anakaa mtaa wa pili," alisema. "Hospitali yake ndiyo hii."

Kisha nilikwenda kwa mtunza stoo. Nilimwambia vidole vyake vilikuwa sahihi. Alivitazama, akavibusu kimoja baada ya kingine, hata kidole gumba. "Mmeombwa radhi," akaviambia.

Mama Kokoto naye alinisikiliza hadi mwisho. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Ila niliyemliza yuko mle ndani. Twende wote, maana na mimi nina langu la kumwambia."

Alimwomba binti yake radhi kwanza, kisha zamu yangu ikafika. Msichana alinikazia macho. "Unajua kuosha mchanga kunavyouma mgongo?"

"Sijui."

"Shika koleo. Lori hili halina mtambo wa kumwaga."

Chupa zilipotulia, rula ilisema wazi: tope la Bluu milimita ishirini na moja, la Mama Kokoto milimita nne. Bluu aliitwa, mama akamweleza ukweli na kumwomba radhi kwa usumbufu, naye akaondoa mchanga wake akinung'unika. Mimi na yule msichana tulishusha lori zima kwa makoleo. Alinicheka kila niliposimama kushika kiuno, yaani mara nyingi sana. Saa tisa mashine ilinguruma tena, na kufikia jioni ngazi zilikuwa zimejaa zege zuri, la kijivu, lisilo na aibu.

Tulipobaki wawili, mama aliosha chupa polepole.

"Sikukuzaa ili uwe bubu," alisema. "Napenda unavyochekesha watu. Ila kabla ya utani, tazama unachokishika. Kama kuna mtu atakitegemea, kiache. Na ukikosea, sema palepale. Jana asubuhi ningecheka, nikarudisha vifuniko, nikanywa chai yangu. Ulivyokaa kimya, mtoto wa watu alilia na mzee akaanza kujidharau. Kubadilisha vifuniko kulikuwa upuuzi. Kunyamaza ndiko kulikokuwa uongo."

"Nimekuelewa, mama."

"Vizuri. Na mimi nimejifunza." Alinipa kalamu ya wino mzito na chupa moja. "Andika jina hapa, kwenye kioo chenyewe. Andika vizuri, mtu asome akiwa mlangoni."

Niliandika herufi kubwa, nikaipuliza ikauke, nikanyoosha mkono kuomba chupa ya pili.