Gloriose na Neno Utuombee

Mama Gloriose analima mpunga Nyakabere, katika bonde la Ruzizi. Asubuhi anafukuza ndege shambani. Mchana anaanika mpunga wake juu ya shitingi, yaani turubai la plastiki. Jioni anasali rozari, ile sala ya shanga ambayo watu wa huko huita shapele. Nyumbani anasema Kirundi, sokoni anasema Kiswahili, na katika lugha zote mbili hapendi kushindwa.

Mwaka huu binti yake Noella, aliyeolewa Kavimvira karibu na mpaka, alizaa mtoto wake wa kwanza. Mama mkwe wa Noella ndiye aliyemtunza siku za uzazi. Gloriose alibaki akingoja siku mtoto atakapoletwa kwake. Alifurahi mpaka akacheza peke yake jikoni. Alitenga kuku wawili wa siku hiyo, na ole wake aliyewagusa! Wiki zikapita. Kuku wakanenepa. Mtoto hakuletwa.

Hatimaye Noella akaja, lakini bila mtoto. Alikuja na mhubiri wa kanisa lake jipya, bwana mwenye sauti kubwa aitwaye Eugène. Hata kabla ya kunywa maji, mhubiri alinyoosha kidole kwenye picha ya Bikira Maria ukutani.

"Mama, weye unaabudu Maria?"

"Ndiyo!" Gloriose akajibu kwa nguvu. "Tangu utoto wangu. Kila siku!"

Mhubiri akamgeukia Noella. "Umesikia? Amekubali kwa kinywa chake."

Noella akaanza kulia. "Mama, minye siwezi kuleta mutoto mu nyumba iko na sanamu. Choma ile picha. Choma na shapele. Kisha nitakuja."

Wakapanda pikipiki, wakaenda.

Gloriose alikaa chini. Iliuma, tusidanganyane. Iliuma kuliko mwaka ule mto ulipobeba mpunga wote. Alichukua kiberiti, akakitazama, akakirudisha mahali pake. Kuchoma asichokielewa aliona ni ujinga. Kumtukana binti yake pia aliona ni ujinga.

"Nitajibu," alijiambia. "Lakini kwanza nijue ninajibu nini."

Kesho yake alikwenda kwa Anne-Marie. Huyu ni fundi cherehani. Pia anafundisha watu wazima kusoma pale parokiani, na anaongoza shirika, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja. Gloriose alikuwa mwanafunzi wake tangu mwaka jana.

"Mwalimu, niliulizwa kama ninaabudu Maria. Nikasema ndiyo. Sasa nimenyimwa mujukuu."

Anne-Marie alisimamisha cherehani. "Mama Noella! Ulisema ndiyo?"

"Ningesema nini? Si tunasenga kila siku?"

"Aa! Hapo njo umeteleza. Mu Kirundi chetu, gusenga ni kusali, na ni kuabudu pia. Neno moja, kazi mbili. Lakini mu Kiswahili, kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Ukiabudu mwingine, hata Maria, hata malaika, ni zambi. Kanisa letu linakataza."

Gloriose alishika kichwa. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyejishitaki! Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini Anne-Marie hakuwa mtu wa kumwacha mwanafunzi njiani. Alifungua kitabu cha sala, akamwekea kidole kwenye mstari.

"Soma hapa. Pole pole."

"U-tu-o-mbe-e," Gloriose akasoma. "Utuombee sisi wakosefu."

"Muntu akikuambia 'niombe', anataka nini?"

"Anataka nimuombe yeye."

"Na akisema 'niombee'?"

"Anataka nimuombee kwa mwingine. Kwa Mungu." Gloriose akaisoma tena ile e ya mwisho. Miaka hamsini alikuwa akiitamka bila kuiona.

"Lakini wanasema Maria alikufa," akauliza. "Wafu hawasikii."

"Yesu alisema Mungu si wa wafu, ni wa walio hai. Soma Luka ishirini. Aliye kwa Mungu yuko hai kutupita."

"Tena wanasema mupatanishi ni mumoja."

"Ni kweli, ni Yesu. Paulo aliandika vile kwa Timoteo. Lakini mu sura ileile anaagiza tuombee watu wote. Jirani akikuombea, amemufukuza Yesu?"

"Hapana."

"Na juu ya picha, Mungu alikataza sanamu za kuabudu. Lakini yeye mwenyewe alimwagiza Musa kutengeneza makerubi wawili wa zahabu. Iko mu kitabu cha Kutoka, sura ya ishirini na tano. Picha inatukumbusha muntu. Haisikii, haiponyi. Sasa niambie, shapele yako iko wapi?"

"Moja iko mu mufuko. Ingine nimeifunga ku mulango wa mbuzi. Wezi wanaiogopa sana!"

Anne-Marie hakucheka. "Mama, hapo Noella ana haki. Umeigeuza dawa ya muganga. Shapele ni ya kusali."

Gloriose aliona aibu mpaka masikioni. Alirudi nyumbani, akaifungua ile rozari mlangoni pa mbuzi, akaisafisha tope. Pale mlangoni akaweka kufuli.

Wiki tatu nzima alisoma. Mistari aliishika haraka. Upole ndio uliomshinda. Kila alipojizoeza kumjibu mhubiri, sauti ilipanda mpaka mbuzi wakalia. Anne-Marie alimkumbusha kwamba Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari kujibu kila anayeuliza, lakini kwa upole. Gloriose akaanza upya, mara kumi, mara ishirini.

Jumamosi moja alipanda pikipiki mpaka Kavimvira. Noella na mumewe Gédéon walimpokea kwa heshima, lakini mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa umefungwa.

"Sikuja kugombana," Gloriose alisema. "Nilikosea neno. Mulisema kuabudu, minye nikasikia gusenga. Ninaabudu Mungu peke yake. Maria ninamuambia, 'Utuombee.'"

"Lakini munapiga magoti mbele ya picha yake, Mama."

"Siku ya ndoa yako, weye ulipiga magoti mbele yangu nikakubariki. Uliniabudu?"

Gédéon alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mutoto akipata homa," Gloriose akaendelea, "unamupigia muhubiri simu. Unamuambia nini?"

"Ninamuambia, utuom..." Noella akakatisha neno. Akainamisha macho. Kisha akauliza, "Na ile shapele ya mulango wa mbuzi?"

"Hapo ulikuwa na haki, mwanangu. Nilikosa. Nimeitoa, nimeweka kufuli."

Noella alimtazama mama yake kwa mshangao. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia akisema "nilikosa."

"Na picha?"

"Picha itabaki ku ukuta. Na weye utabaki mutoto wangu."

"Mama, minye sitarudi kusali kwenu."

"Sikuja kukurudisha. Ulinihukumu, nimekuja kukujibu."

Gédéon alimtazama mkewe. "Jumapili alasiri tuko na nafasi," alisema.

Jumapili wakaja wote watatu. Noella alisimama kidogo mbele ya picha, akaiangalia, akapita, akaketi. Majirani wa shirika waliosikia habari hiyo wameanza nao kujifunza maana ya sala zao. Sasa mtu akiwauliza, wanajibu bila matusi, na penye kosa lao wanalikubali.

Lakini siku ile Gloriose hakufikiria somo lolote. Noella alimwekea mtoto mikononi.

"Iradukunda," Gloriose akamwita kwa jina lake, mara ya kwanza uso kwa uso. Kwa Kirundi maana yake ni Mungu anatupenda. Mama na binti wakatazamana juu ya kichwa cha mtoto, na kwa neno hilo hakuna aliyekuwa na pingamizi.