Stendi Iliyoipa Kisogo Nyota ya Kaskazini

"Kunguru, jibu."

"Kunguru nipo."

"Ndege yetu ya siri inapita saa nne na dakika kumi. Mmoja wa hao wapiga picha za nyota anaivizia. Picha ikimfikia mnunuzi wake ng'ambo, watajua pa kuitungulia. Marubani watakufa. Mkamate kabla hajaituma."

Sauti ikakatika.

Ines Tafoya aliificha simu ya upepo ndani ya koti. Akatazama saa yake ya Casio. Dakika kumi na nane.

Mbele yake, katika jangwa la New Mexico, watu kumi na wawili walikuwa wameinamia darubini zao. Taa nyekundu tu. Taa nyeupe huunguza picha za wote, na aliyethubutu kuiwasha alitukanwa yeye na ukoo wake.

Hakumwamini hata mmoja.

Mzee Orville Pruitt alikuwa ameifunika darubini yake, na bado kamera ilikuwa inalia.

"Mzee, unapiga picha gani na kifuniko?"

"Ya giza, binti. Kamera ina chenga zake. Nazipiga peke yake, kisha nazitoa kwenye picha ya nebula, lile wingu la angani." Akacheka. "Ulidhani nimerukwa na akili?"

"Nilidhani kibaya zaidi."

Dakika tano.

Lyle Kessinger, mwenye kofia ya Stetson, alimmiminia kahawa. "Karibu, dada. Leo nalifukuzia kundi la nyota la Herkule. Saa tatu nzima, mpaka kieleweke!"

Maneno safi. Tabasamu safi.

Ines aliitazama stendi iliyobeba darubini ya Kessinger.

Anga huzunguka, na stendi hufuata nyota kwa kuelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini. Stendi kumi na moja zilielekea huko, kama waumini walioelekea kibla.

Ya Kessinger ilikuwa imeipa kisogo.

Kwa saa tatu, nyota zake zingetoka ndefu kama tambi. Lakini ndege haitaki saa tatu.

Ndege inataka sekunde moja.

"Mbona hunywi, dada? Kahawa chungu?"

Ngurumo ya ndege ikapasua anga.

Kamera ya Kessinger ikalia, na Ines akamsogelea. Mkono wake mmoja ukaruka kwenye kompyuta yake kuituma picha, wa pili ukachomoa bastola.

Ines aligusa bastola yake ya Glock, akaiacha. Nyuma ya Kessinger kulikuwa na watu.

Akainua tochi ya Maglite.

Nyeupe. Machoni.

Kessinger aliyezoea giza alipiga yowe, akajifunika uso. Bastola ikamponyoka.

"Zima taa, mwendawazimu!"

"Picha yangu ya dakika arobaini, jamani!"

"Nani kamleta huyo?"

Ines aliipiga teke bastola, akamkunja Kessinger mkono, akamtia pingu. Kompyuta ilikuwa bado inamuuliza Kessinger nywila. Ines akachomoa kadi ya kamera.

"Kunguru hapa. Kadi ninayo. Haikutumwa."

"Sawa, Kunguru. Marubani wako salama."

Akawageukia wenye kambi. "Samahanini. Nimewaharibia picha."

"Wao, siyo mimi," alisema Mzee Pruitt, akigonga kifuniko cha darubini yake. "Mimi nilikuwa nimefunika, binti."

Ines alizima tochi, akawasha taa nyekundu, akamsukuma Kessinger mbele yake kuelekea garini.

Polepole. Asimtimulie mtu vumbi kwenye darubini.