Saa Mbili ya Kulesa

"Anakupotea, Winfred! Kaza!" sauti ya Danson ikapasuka sikioni mwake.

"Namwona. Nyamaza nimfukuze."

Wakala Winfred Buya akavuta mafuta. Yamaha ikanguruma. Mita mia mbili mbele yake Hilux nyeupe, namba imepakwa tope, ilikuwa inaikimbilia Tarasaa kwenye lami ya Garsen–Malindi. Nyuma ya gari, makasha matatu ya barafu. Ndani ya makasha, insulini ya wagonjwa wa sukari wa delta nzima. Mnunuzi wa kigeni alikuwa akisubiri Malindi.

Saa moja na dakika thelathini na tano asubuhi.

Risasi ikatoka dirishani na kupasua kioo cha pembeni cha pikipiki.

"Mshenzi huyu," Winfred akasema. Hata hakuinama sana. Tangu amzike mamake wiki tatu zilizopita, mengi yalikuwa yameacha kumtisha.

Aliyeshika usukani aliitwa Jasper. Ndiye aliyekuwa na kandarasi ya Kengele, programu ya simu inayowakumbusha wagonjwa siku ya kliniki. Mwizi wa shati safi. Zamani kengele ilikaa ndani ya simu yenyewe. Mtandao uwepo usiwepo, saa ikifika inalia. Jasper akaleta toleo jipya, akaihamishia kengele kwenye mashine yake. Sasa ililia akitaka yeye, na kwa wagonjwa arobaini na mmoja wa Chara na vijiji vya mtoni hakutaka. Mgonjwa asipotokea kufikia saa kumi jioni, dawa yake iliandikwa "haikuchukuliwa" na kurudishwa ghalani. Na gari la kuirudisha lilikuwa la nani? La Jasper, la nani tena!

Leo ilikuwa Alhamisi ya kliniki, na Jasper hakungoja hata saa kumi; dawa alishazipakia. Kengele zilitakiwa kulia saa mbili kamili. Ufunguo wa mashine, kidude cha USB, ulikuwa unaning'inia shingoni mwa Jasper.

"Ukiupata kabla ya saa mbili nazirudisha kengele zote ndani ya simu zao," alisema Danson, fundi wa kompyuta wa idara yao ya upelelezi, sikioni mwake. "Ukichelewa..."

"Najua nikichelewa. Nimezika mimi."

Mamake Winfred, Asenath wa Kulesa, mkulima wa mpunga, hakwenda kliniki mwezi uliopita. Alipokumbuka, kesho yake, akaambiwa: mama, dawa yako imesharudi, ngoja mwezi ujao. Hakuufikia. Simu yake, Tecno ndogo yenye ufa, sasa ilikaa mfukoni mwa Winfred kama ushahidi. Usiku wa kuamkia leo ilikuwa imelia yenyewe saa nane, ikamtoa usingizini. Uchafu wa Jasper, alijiambia, akailaani.

Akabonyeza redio.

"Sadik. Vusha."

"Ng'ombe yote?"

"Yote, ndugu yangu."

Sadik, mchungaji wa Kiorma, alikuwa na sababu yake. Jina la mkewe Ifrah lilikuwa kwenye ile orodha ya arobaini na mmoja. Akapiga mluzi. Ng'ombe mia na ushee wakapanda lami polepole, pembe juu.

Jasper akapiga honi. Ng'ombe na honi wapi na wapi! Hilux ikayumba, ikalia breki, ikaingia mtaroni kichwa mbele.

Alitoka na bastola. Hakupata nafasi ya kuiinua. Winfred alimpiga teke la kifundo cha mkono, bastola ikaruka majanini, na Glock ya Winfred ikamgusa nyuma ya sikio.

"Lala chini."

Akamtia pingu. Akaukata uzi wa shingoni, akachomeka ufunguo kwenye Thuraya yake, simu ya setilaiti.

"Danson?"

"Unaingia... Nimeingia! Nipe dakika tano."

Saa moja na dakika hamsini na mbili.

Winfred akachutama, akamwekea Jasper ile Tecno mbele ya macho.

"Unaijua hii? Ya Asenath, Kulesa."

Jasper akatema mchanga. "Asenath huyo hayumo kwenye orodha yangu, afande. Hakuwahi kuchukua toleo jipya. Kengele yake ilibaki ndani ya simu. Sikuigusa."

"Muongo mkubwa!"

"Basi fungua uone. Saa hiyo aliweka nani?"

"Winfred," Danson akasema taratibu, "nina orodha hapa. Anasema kweli."

Akaifungua.

Kengele ya kliniki. 2:00 AM.

Akakumbuka. Ilikuwa Krismasi, jikoni Kulesa. Mama anaparua samaki, mikono imejaa magamba. "Mwanangu, niwekee saa mbili, nikishakunywa chai." Na yeye simu ya kazi sikioni, anazungumza Kiingereza na Nairobi, kidole kikachagua mbili. Mbili ya Kizungu. Saa nane ya usiku! Na mama alikuwa akizima simu kila usiku kuhifadhi chaji.

Yeye, Winfred Buya, mtoto wa Kulesa, aliyehesabu saa kwa Kiswahili kabla hajajua kusoma. Alitaka kulia, na aliona haya kulia mbele ya mwizi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Jasper akacheka.

"Alikuja kesho yake," Winfred akasema. "Kesho yake tu. Dawa yake ungekuwa hujaiuza, angekuwa hai."

"Haikuchukuliwa."

Kidole kikasogea kwenye Glock. Kikakaa hapo kwa muda mrefu. Kisha akairudisha bastola kiunoni, kwa sababu lawama ilikuwa ya watu wawili na risasi ingemtosha mmoja tu.

Saa mbili kamili.

Simu ya mkewe ikalia kwenye shati la Sadik. Sauti ya mwanamke, wazi kabisa: "Ifrah, leo ni siku ya dawa."

"Wallahi, imelia!" Sadik akaruka. "Mama watoto iko nyumbani. Mimi nakimbia!" Akakimbia kweli, ng'ombe kawaachia wenzake.

"Arobaini na moja zimelia," Danson akasema. "Zote. Polisi wa Tarasaa wako njiani, makasha yanarudi kliniki leo hii."

Tecno ilikuwa kimya. Ilikuwa imeshalia saa sita zilizopita.

"Danson. Pale pa kuchagua saa, pabadilishe. Paulize kwa Kiswahili: saa ngapi, asubuhi au usiku. Mtu akisema mbili, iwe mbili yake."

"Nitafanya. Winfred... pole."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Gari la polisi likafika. Akawakabidhi Jasper bila kumtazama, akakaa juu ya Yamaha. Akaishika simu ya mama, akaisogeza 2:00 mpaka 8:00, saa mbili ya Kulesa, akabonyeza Hifadhi.

Maandishi yakatokea hapo hapo: Sawa, Asenath. Utakumbushwa.

Winfred akaitia mfukoni, akavaa kofia yake ngumu, akaondoka.