Pikapu ya Kubebea Kijumba

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alikwenda nyuma ya nyumba kufagia Kijumba. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Baba alimbandika jina hilo tangu alipoanza kusema, kwa sababu akifungua mdomo hakuwa na kituo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limemganda.

Kijumba kilikuwa chumba kidogo cha mbao na bati jepesi, ambacho baba yake, seremala, alikijenga kwa mikono yake mwenyewe. Kilisimama juu ya miguu minne ya chuma. Wakati wa safari, pikapu ilirudishwa nyuma taratibu mpaka ikaingia chini yake, miguu ikafupishwa, na Kijumba kikakaa kwenye bodi ya gari kama yai kwenye kiota. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, na kabati lenye miwani ya kila namna, kwa maana mama yake Chiriku alikuwa mpima macho. Kila mwezi alikwenda na Baba, ambaye ndiye aliyekisimamisha Kijumba, kwenye vijiji vya mbali milimani, ambako hakuna nyumba ya wageni wala zahanati ya macho. Alipima macho mchana, na usiku walilala humo humo.

Lakini miezi miwili ilikuwa imepita Kijumba hakijatoka uani. Pikapu yao ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu mpaka kwenye chasisi, ikauzwa kuwa chuma chakavu. Simu za kutoka milimani hazikukoma. "Daktari, utakuja lini? Mwanangu haoni ubao darasani." Mama alijibu kwa upole, kisha akikata simu aliandika jina la mtoto kwenye daftari lake.

Wiki hiyo walikuwa wamekwenda kwenye uwanja wa magari yaliyotumika. Walitaka pikapu ya wastani. Kubwa sana isingepita njia nyembamba za milimani, na ndogo ingelemewa. Mwenye uwanja, mtu mrefu mwenye kofia ya kufumwa, aliwaonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, inang'aa, ina milango minne na viti vya nyuma vipana. Ya pili ilikuwa nyeupe iliyofifia, ina milango miwili na bodi ndefu, na springi zake nene kama mkono wa mtu mzima. Ndani yake walitosha watu wawili tu.

Chiriku aliipenda ya buluu palepale. Mama alikuwa amemwahidi kwamba mwaka huu, shule zikifungwa, atamchukua akawe msaidizi wake milimani. Sasa, katika gari lenye viti viwili, cha Mama na cha Baba, msaidizi angekaa wapi? Juu ya paa?

"Msichague kwa macho," muuzaji aliwaambia. "Kwenye fremu ya mlango wa kila gari pana kibao kinachosema linabeba kilo ngapi. Hii ya buluu ni mia saba na hamsini, watu wakiwemo. Hii nyeupe inazidi hapo kwa mbali. Nendeni mkapime mzigo wenu kwanza. Na mpime kama mnavyosafiri, si kama mnavyokaa nyumbani."

Njiani kurudi nyumbani Baba alicheka. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaona Kijumba ni chepesi kwa sababu anayekibeba ni gari."

Basi Jumamosi hiyo jirani yao mwenye lori alikubali kuwapeleka kwenye mizani ya ghala la nafaka. Baba alimwambia Chiriku, "Jaza tangi la maji mpaka pomoni. Mama yako hasafiri na tangi tupu."

Chiriku alilijaza. Kisha, wakati Baba na jirani wanatafuta kamba, alibaki peke yake ameinama mbele ya bomba dogo la chini. Alikuwa ameshapiga hesabu kichwani. Tangi lilibeba lita mia moja, na mwalimu wao wa sayansi aliwafundisha kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Kilo mia! Hizo peke yake zingeweza kumnyima kiti chake. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akafungua bomba. Maji yakatoka yakielekea kwenye matuta ya mchicha.

"Dada, mbona unamwagilia mchicha kwa Kijumba?" Alikuwa Kitinda, mdogo wake wa miaka sita, ameshika kipande cha mkate.

"Wewe nenda kale mkate wako!" Chiriku alimfokea. Kitinda akaenda, maana mkate ulikuwa na siagi.

Kwenye ghala walipima lori tupu, kisha wakalipima likiwa na Kijumba. Msimamizi wa mizani akatoa hesabu: Kijumba kilikuwa na kilo mia tano na ishirini.

Baba alipiga mluzi. "Pamoja na maji? Nilidhani kingepita mia sita! Kumbe zile mbao nilizozichagua ni nyepesi namna hii." Akakigonga Kijumba ubavuni kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake wa maziwa. Alitabasamu njia nzima. Chiriku, ambaye alipaswa kufurahi, alijikuta anaangalia nje ya dirisha.

Mama alipiga hesabu mezani. Kijumba, yeye mwenyewe, Baba, Chiriku na Kitinda. Jumla ilikaribia mia saba na ishirini. "Inatosha chupuchupu," alisema. "Basi ya buluu. Na msaidizi wangu nitakuwa naye." Akamvuta Chiriku kwa bega, akambusu kichwani. Busu lile lilikuwa zito kuliko tangi la maji.

Jumatatu jioni walirudi kwa muuzaji. Aliwakaribisha chai ofisini kwake, chumba chenye kalenda tatu ukutani, zote za miaka iliyopita. Alisikiliza hesabu yao, akakuna kidevu.

"Bodi ya hii ya buluu ni fupi, kwa hiyo Kijumba kitatokeza kidogo nyuma. Tangi la maji liko wapi?"

"Nyuma kabisa, karibu na mlango," Baba alisema.

"Lilikuwa limejaa mlipopima?"

"Limejaa. Binti yangu huyu ndiye aliyelijaza."

Wote watatu walimtazama Chiriku. "Ndiyo," alisema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Vizuri," muuzaji alisema. "Nauliza kwa sababu uzito ukizidi nyuma, gari huinua pua. Magurudumu ya mbele yanakuwa hayakanyagi sawasawa. Barabara ya tambarare huwezi kujua. Utajua siku unateremka mlima, unakata usukani na gari halisikii."

Walitoka uwanjani. Mama alipanda kwenye gari la buluu, akasogeza kiti mbele mpaka miguu ikafika kwenye pedali, akashika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha ambayo Chiriku hakuiona usoni mwake kwa miezi miwili. "Milima ijiandae!" alisema, akapiga honi.

Chiriku aliiona akilini barabara ya milimani, kama Mama alivyozoea kuisimulia, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde ambalo chini yake miti huonekana kama majani. Aliona mikono ile ile ikikata usukani na gari halisikii.

"Mama, shuka," alisema.

"Nini tena?"

"Shuka, tafadhali. Tangi halikuwa na maji. Nililijaza, halafu nikayamwaga. Yote."

Mama aliondoa mkono kwenye honi. Baba alivua kofia yake, akaivaa tena. Muuzaji akajifanya anakagua taa ya gari jingine.

Mama alishuka taratibu. "Kwa nini, mwanangu?"

"Ile nyeupe haina kiti changu." Machozi yalianza kumtoka. "Na wewe uliniahidi."

Alitegemea kugombezwa. Mama alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Nimekasirika," alisema. "Nimekasirika sana, na tutalizungumza nyumbani. Lakini umesema kabla sijaondoka na gari hili. Kwa hilo nashukuru."

Baba alikuwa amesimama pembeni. Chiriku alimsogelea. "Baba, mbao zako ni nyepesi kweli. Ila si nyepesi vile."

Baba alitaka kukaza uso, ukamshinda. "Basi tumerudi palepale," alisema. "Tukapime upya. Na safari hii maji utayabeba wewe, kwa ndoo, kutoka bomba la barabarani."

Akayabeba. Mabega yalimuuma siku mbili, na kwenye mizani akajua kilo mia ni nini. Kijumba kilikuwa na kilo mia sita na ishirini. Ukijumlisha watu wanne, gari la buluu lilikuwa limepitwa kwa mbali. Mama alimpigia simu muuzaji, akamweleza kila kitu bila kuficha, akasema watachukua ile nyeupe.

Chiriku alikubali. Usiku ule alimwambia mama yake, "Nenda tu, Mama. Watu wanakusubiri. Mimi nitabaki na Kitinda kwa jirani." Hakulisema kwa kutaka sifa, na alipolisema kifua chake kilipata nafasi ya kupumua.

Siku ya kwenda kulichukua gari, muuzaji aliwapokea getini akiwa na tabasamu. "Kabla hamjachukua nyeupe, njooni muone kitu. Ililetwa juzi. Nimemkatalia mteja mmoja, nikasema ina wenyewe."

Nyuma ya ofisi ilisimama pikapu ya kijani kibichi, rangi ya embe changa, yenye mkwaruzo ubavuni. Ilikuwa ya wastani kama zile nyingine, lakini kabini yake ilikuwa moja na nusu. Nyuma ya viti vya mbele palikuwa na viti viwili vidogo vya kukunja. Bodi ilikuwa ndefu ya kutosha kukaa Kijumba chote bila kutokeza. Baba aliinama kwenye fremu ya mlango, akasoma kibao kwa sauti: kilo mia tisa.

"Mtu mzima akikaa nyuma hapo magoti yatamgusa masikio," muuzaji alisema. "Lakini kwa msaidizi wa daktari, naona patafaa."

"Kwa nini umetuwekea, bwana?" Baba aliuliza.

"Kwa sababu ya huyu." Alimwonyesha Chiriku kwa kidevu. "Mimi nauza magari, sikai nayo. Likishatoka getini, sijui litafanyiwa nini. Angenyamaza, gari langu lingemuua mtu na mimi nisingejua hata kosa langu. Aliniokoa na mimi."

Chiriku alisema asante, mjomba, akampa mkono. Muuzaji akaupokea kwa mikono miwili, kama mtu anayesalimiana na mkubwa mwenzake.

Shule zilipofungwa, walipanda milima wote wanne. Tangi lilikuwa limejaa, kabati limejaa, na Kitinda alikuwa ameshatapika mara moja. Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha. Walipoanza kuteremka upande wa pili, kwenye kona kali, kundi la mbuzi lilitokea katikati ya barabara, na nyuma yao mtoto wa kike akikimbia na fimbo. Mama alikanyaga breki, akakata usukani kuelekea kwenye mwamba. Gari lilisikia. Kijumba kililia kwacha kwacha, sufuria zikagongana, kisha pikapu ikasimama imara, magurudumu yote manne chini. Mbuzi wa mwisho aliwatazama, akapita zake. Yule mtoto alipunga fimbo kuomba radhi.

Mama alisogeza gari pembeni, akazima injini. Kitinda akauliza kama mbuzi wale wana majina.

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha Mama akatoa simu, akampigia muuzaji.

"Nimekupigia kukushukuru," alisema. "Tuko mlimani. Tumesimama salama."

Sauti ya muuzaji ilisikika mpaka kiti cha nyuma. "Mimi nimeuza gari tu, dada. Mshukuru aliyepima maji."

Mama aliweka simu, akageuka nyuma, akamshika Chiriku mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Na wewe Kitinda, sikiliza. Uongo mdogo hauna udogo, maana hujui utakwenda kumwangukia nani. Ule wako ungetuangukia hapa, sisi na yule mtoto mwenye fimbo. Lakini mtu akikosea, mlango haufungwi. Aseme mapema, arekebishe kwa mikono yake, na wanaompenda watasogea wampishe nafasi. Asante kwa kunishusha kwenye lile gari."

"Asante kwa kunichukua, Mama," Chiriku alisema.

Baba aliwasha injini kutoka upande wa abiria, kwa kunyoosha mkono, kama ilivyokuwa desturi yake ya kuharakisha safari. Chini, bondeni, paa za kijiji zilikuwa zinaonekana, na watu walikuwa wameshaanza kujipanga kivulini mwa shule, wakimngoja mpima macho wao.