Vifaranga na Siku ya Joto na Baridi

Asubuhi ile kulikuwa na baridi kali. Fundi Viatu alifungua kibanda chake mbele ya nyumba akiwa amevaa makoti mawili. Katika chumba cha nyuma, mke wake alikuwa na vifaranga mia moja wa wiki moja. Aliwashushia taa ya joto karibu, akafunga madirisha yote.

"Mimi hujawahi kunitunza hivi," mumewe alilalamika.

"Wewe una makoti mawili. Hawa wenzako hawana hata moja."

Ilipofika saa tano, jua likawaka kama tanuri. Saa saba, fundi alibaki na fulana tu. Mkewe aliingia kwa vifaranga. Walikuwa wamekimbilia mbali na taa, mabawa yamelegea, midomo wazi, wanahema. Wawili walikuwa wamekufa.

"Baba watoto! Ugonjwa umeingia!"

Fundi alitupa nyundo, akamkimbilia jirani yao, Bibi Mifugo, mtaalamu wa kuku na ng'ombe. Bibi akaja upesi, akachungulia vifaranga.

"Dada, hawa hawaumwi. Wanaungua! Zima taa. Fungua madirisha. Leta maji safi."

"Lakini si vifaranga wanataka joto?"

"Joto, ndiyo. Kuokwa, hapana. Waangalie wenyewe, watakuambia. Wakiikimbia taa na kuhema, joto limezidi. Wakirundikana, wanaona baridi, na wa chini watakosa hewa. Wakitawanyika kila mahali wakidonoa, mambo ni shwari."

"Na umeme ukikatika?"

"Jaza chupa maji ya moto, zifunge kwa kitambaa, waweke karibu nazo. Jiko la mkaa usilifungie ndani. Hewa yake inaua, kuku na watu."

Nusu saa baadaye vifaranga walikuwa wanakunywa na kudonoa. Bibi Mifugo akarudi kazini.

Saa kumi upepo ukavuma. Mbingu ikawa nyeusi. Mvua ya mawe ikapiga bati mpaka watu hawasikilizani. Umeme ukakatika, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa. Vifaranga wakaanza kupandana pembeni.

"Nilete jiko?" fundi alipiga kelele.

"Usithubutu! Chemsha maji nje barazani. Na lete soksi zako zote."

"Soksi? Hazijafuliwa!"

"Kuku hawalalamiki!"

Walijaza chupa saba, wakazivisha soksi. Mkewe akafunga madirisha, akaacha nafasi ndogo ya hewa juu. Kisha wakawatenganisha vifaranga kwa mikono, polepole. Maji yalipopoa, walibadilisha. Umeme uliporudi, vifaranga walikuwa wametulia kuzunguka chupa, wanalia taratibu.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba tangu kumbukumbu za hali ya hewa zianze kuwekwa, joto halijawahi kushuka kiasi kile kwa siku moja. Mke wa fundi hakusikiliza hadi mwisho. Alikuwa anahesabu vifaranga. Tisini na wanane, wote hai.

Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja fundi alitoka mbio kwenye banda la kuku, amebeba yai la kwanza kwa mikono miwili. Alizunguka mtaa mzima akilionyesha, anatabasamu kama aliyelitaga mwenyewe.