Kumi Bila Maji

Kila mwaka milima inapoanza kuvaa theluji, nyumba yetu hunukia persimoni, yale matunda ya rangi ya chungwa, kutoka jikoni hadi bafuni. Asubuhi kabla ya shule ninang'oa figili na kufunika kabichi zisiunguzwe na baridi. Jioni kazi ni moja tu, persimoni. Zetu ni zile kali. Ukiuma mbichi, ukakasi wake unakukausha mdomo mpaka unashindwa kumlaumu aliyekupa. Lakini zikimenywa na kuning'inizwa mwezi mmoja na ushei, utamu wake hauna mfano.

Mmenyaji ni Bibi Fusae, mama yake baba. Alishika kisu cha kumenyea akiwa na miaka kumi na mmoja, mdogo kuliko mimi sasa. Akishamenya, mimi ninafunga persimoni kumi kwenye kamba moja, ninachovya mtungo kwenye sufuria la maji yanayochemka, ninahesabu hadi kumi, kisha ninautundika kwenye mwanzi bandani. Maji yale ndiyo yanayozuia kuvu. Kuhesabu lazima kuwe kwa sauti, hiyo ni sheria ya Bibi. Macho yake yamefifia, lakini masikio? Bibi anaweza kumsikia paka akifikiria kuiba samaki!

Jumamosi moja moto ulififia kabla sijamaliza. Kuni zilikuwa nje, mvua inanyesha. Rafiki yangu Honoka alikuwa amejibanza langoni na baiskeli yake, anapiga kengele bila huruma.

"We Chizuru! Unaolewa na hizo persimoni, au?"

"Nakuja!"

"Unakuja tangu saa nane!"

Ilibaki mitungo kumi na miwili. Niliangalia sufuria, maji yametulia tuli. Nikamwangalia Bibi, ameinamia kisu chake. Basi nikaenda kuitundika mitungo ile mikavu, mmoja baada ya mwingine, kwenye mwanzi wa mwisho karibu na ukuta, huku napaza sauti: "Moja, mbili, tatu..." mpaka kumi. Mara kumi na mbili nilidanganya, tena kwa sauti nzuri.

Bibi aliacha kumenya, akainamisha kichwa kidogo. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Haya, mjukuu wangu. Kacheze."

Mvua ile haikukoma, na joto likarudi kana kwamba msimu umesahau njia. Siku tano hewa ilikuwa nzito na yenye unyevu. Alhamisi niliporudi shuleni nilimkuta baba bandani, ameshika persimoni moja mkononi. Kwenye shingo ya tunda, penye kikonyo, palikuwa na manyoya ya kijivu.

"Kuvu," alisema. Baba hapigi kelele akikasirika, sauti yake inashuka. "Nimeona kwenye mitungo mitatu. Hewa ikiwa hivi, kesho kutwa imeenea banda zima."

Moyo wangu ulipasuka paa! Mitungo ile mitatu ilikuwa karibu na ukuta.

Bibi aliingia polepole akipapasa mwanzi. Baba alimwekea lile tunda mkononi, akamwambia kwa upole, "Mama, ganda limebaki hapa shingoni. Kuvu huanzia kwenye ganda. Macho yako hayaoni tena vizuri."

Bibi alipitisha kidole gumba kwenye tunda. "Mimi sikuhisi ganda lolote, Yasunori."

"Kama ni kisu, basi mitungo yote mia mbili ina hatari. Kesho asubuhi nazishusha persimoni zote, tuzifanye siki. Afadhali siki kuliko kuzika." Akameza mate. "Na mwaka ujao upumzike, Mama. Umetufanyia kazi vya kutosha."

Nilitegemea Bibi angebisha. Bibi yangu hubishana hata na redio! Lakini alichukua kisu chake, akakifuta, akakizungushia kitambaa kama mtu anayemfunika mtoto.

"Huenda ni kweli," alisema. "Mwaka huu hata masikio yananidanganya."

Sikuelewa maana yake. Nilikimbilia shambani nikajidai nafunika kabichi ambazo zilikuwa zimeshafunikwa. Nilijiambia baba atasahau, na Bibi kweli ni mzee, anahitaji kupumzika. Visingizio vilikuja vingi, na kila kimoja kilikuwa na aibu yake. Kilichonishinda ni kile kisu ndani ya kitambaa.

Nilirudi mbio. Baba alikuwa ameshapanda ngazi kwenye mwanzi wa kwanza, hakutaka tena kungoja asubuhi.

"Baba, usishushe!"

"Ondoka hapo, Chizuru."

"Si kisu! Ni mimi!" Nilikuwa nalia, na makamasi yananitoka, lakini nilisema. "Mitungo kumi na miwili ya ukutani sikuichovya. Moto ulizimika. Nilihesabu tu kwa mdomo. Mingine yote niliichovya, naapa. Bibi hana kosa!"

Baba alishuka ngazi moja moja. Nilikaza mabega nikisubiri. Lakini aliyenifikia kwanza alikuwa Bibi.

"Ulihesabu bila maji?"

"Ndiyo, Bibi."

Alishusha pumzi ndefu, machozi yakamlengalenga. "Siku ile nilisikia kumi, lakini sikusikia maji yakichuruzika. Siku tano hizi nimekaa nikijiambia, Fusae, macho yamekwenda, sasa na masikio yanaaga. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Naogopa hata kuvuka barabara."

Ningechapwa ningeona nafuu.

Hatukupoteza muda. Baba alitoa mitungo yote kumi na miwili, akaipeleka mbali. Tuliifuta ile iliyokuwa jirani nayo kwa pombe kali, tunda kwa tunda, tukawasha jiko la mkaa na feni, tukafungua madirisha ya upande wa milima. Jumamosi upepo mkavu wa baridi ukashuka. Kuvu haikuonekana tena.

Baba alikitoa kisu kwenye kitambaa, akamrudishia Bibi kwa mikono miwili, akainama. "Nisamehe, Mama. Nilihukumu kabla ya kuuliza." Kisha akanigeukia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungeendelea kunyamaza, tungebaki na siki tu."

"Miti itazaa tena mwakani," Bibi alisema. "Uvivu wako ulituharibia mitungo kumi na miwili, huo ninausamehe. Lakini uongo hauishii kwenye kitu ulichokificha, Chizuru. Unamfanya mwenzako asijiamini mwenyewe. Usimfanyie mtu hivyo tena."

"Sitarudia, Bibi."

Yalibaki makapu matatu ya kumenya. Nilileta kuni kwanza, nyingi kupita kiasi, nikangoja maji yachemke hasa. Nilipochovya mtungo wa kwanza nikaanza kuhesabu, Bibi alisimamisha kisu. Nilifika kumi, nikautoa, maji yakachuruzika sufuriani.

"Nimesikia," Bibi alisema, akaendelea kumenya.