Mawe ya Ngome ya Kivukoni

Ukuta wa jikoni kwa Mzwandile haukutaka kukauka. Jua lilikuwa kali, mahindi yamesinyaa shambani, lakini kila asubuhi ukuta ulikuwa umelowa, na ndoo ya maji iliyoachwa chini yake ilikutwa tupu. Mkewe, Thobeka, alimtania kwamba ndiyo malipo ya mtu anayejenga kwa mawe ya kuokota. Rahisi ghali.

Mawe aliyatoa kwenye ngome iliyobomoka juu ya kivuko. Walowezi waliijenga enzi za vita vya mababu, walipowafukuza Waxhosa hadi ng'ambo ya mto na kuyachukua malisho yao. Matundu ya bunduki yaliuelekea mto ili asirudi mtu. Wazee hawakugusa hata kokoto ya pale. Mzwandile aliona huo ni woga wa kizamani, jiwe ni jiwe tu.

Kisha mwanawe mdogo, Lonwabo, akakataa maji. Kila kikombe alichopewa alikimwaga chini ya ukuta.

"Kuna dada humu ndani," alimnong'oneza mama yake. "Hajanywa."

Thobeka akatega sikio, mchana kweupe, akasikia ulimi ukilamba jiwe kwa ndani, taratibu, na harufu ya majivu yaliyolowa ikapanda, na kadiri alivyorudi nyuma ndivyo ulimi ule ulivyomfuata ukutani, ukilamba na kukwaruza, hadi pale alipokuwa amelala mtoto, midomo imempasuka kwa kiu.

Mganga, MaRadebe, aliweka kiganja ukutani akalia. Alisema ni msichana aliyefungiwa ngomeni na walowezi, akafa kwa kiu huku akiusikia mto chini yake. Kwao ni ng'ambo, na hakuna aliyewahi kumrudisha. Mzwandile akate tawi la mti wa miiba, kama anavyorudishwa nyumbani kila aliyefia mbali, amwite pale ngomeni ili roho yake iingie tawini, kisha amvushe akiongea naye njia nzima.

"Naye peke yake, mwanangu," alisema. "Ukimjibu mwingine njiani, huyo umemhesabu na wafu."

"Na mtoto, mama?"

"Dada akifika kwao, mtoto atakunywa."

Mzwandile alishuka na tawi lake. "Hapa pana utelezi, dada, angalia mguu. Sasa tunaingia mtoni." Tawi lilikuwa zito kama mtu aliyesinzia. Maji, yaliyojazwa na mvua za milimani, yalimfika kifuani, na ng'ambo ilikuwa karibu kabisa, aliposikia nyuma yake, ukingoni, sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe.

"Baba, nakuja."

Alijua mtoto yuko kitandani. Alijua pia jinsi Lonwabo alivyozoea kumfuata kila mahali, na jinsi maji yale yangemchukua. Uchungu wa mwana aujua mzazi.

"Usivuke!" alipaza sauti. "Nisubiri hapo hapo, mwanangu, nitakuja."

Alipogeuka, ukingo ulikuwa mtupu. Tawi mkononi likawa jepesi kama kijiti cha kuwashia moto.

Alikimbia hadi nyumbani. Thobeka alikuwa ameketi sakafuni, kichwa cha mtoto mapajani mwake, kikombe kimejaa kando yake. Alimwambia mumewe kwamba Lonwabo alifumbua macho mara moja tu, akataka kuinuka, kisha akajilaza tena kwa utulivu.

"Nilimwita, nikamwita," alisema. "Akasema, 'Siwezi kuja, mama. Baba ameniambia nimsubiri.'"